Nimepangiwa kituo serikalini ila kazi niliyonayo naona uzito kuiacha, naombeni ushauri

Dogo wa Mahesabu:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, matusi wekeni akiba.

Mimi ni kijana wa kiume, miaka 25, nina digrii ya uhasibu. Baada ya kusota mtaani na kujitolea ofisi za watu bila hata nauli, mwaka huu nikapata kazi kampuni binafsi ya uwakala wa forodha huku Kurasini. Naishi kwa shangazi Mbagala, kwa hiyo usafiri si shida. Mshahara laki sita, baada ya makato naondoka na 276,000. Kazi ni ya kila kitu. Nafungua ofisi, natoa risiti za EFD, nafuata chapati za bosi, na mzigo ukikwama bandarini natumwa mimi.

Juzi nimeingia Ajira Portal, ule mfumo wa maombi ya kazi serikalini, nikakuta nimepangiwa kituo: Mhasibu daraja la II, halmashauri moja mkoa wa Kigoma, ngazi ya mshahara TGS D. Barua inanitaka niripoti kabla ya mwezi kuisha.

Swali langu ni moja tu: niende Kigoma au nibaki Dar nijenge uzoefu?

Mgebuka wa Ujiji:
Watu wanaiogopa Kigoma utadhani wanapelekwa vitani. Mimi nilipangiwa Kibondo nikiwa kijana kama wewe, nikashuka kwenye basi nina begi moja na godoro la inchi nne. Wiki ya kwanza nililia. Leo nina nyumba, nina shamba la mihogo, na mke nimempata hukohuko. Watoto wangu wamekua kwa dagaa na mawese, afya tele. Ni halmashauri ipi?

Dogo wa Mahesabu:
Kakonko.

Mgebuka wa Ujiji:
Aah, majirani kabisa. Nenda.

Kijiwe Nongwa:
Serikalini nenda kama unataka kuzeeka kabla ya siku zako. Mimi niliacha mwenyewe, sasa hivi nauza vipuri vya pikipiki na sisaini kitabu cha mahudhurio cha mtu yeyote. Kama una mtaji tuongee.

Mama Wawili:
Mwanangu, hapo hakuna cha kuuliza. Wenzako wanafanya usaili wa watu elfu kwa nafasi kumi, wewe umepata unaleta maringo. Piga magoti umshukuru Mungu, kisha fungasha.

Kikokotoo Butu:
Wenzangu mmeshapanda basi la Kigoma, mimi bado nimekwama kwenye hiyo 276,000. Laki sita, toa NSSF asilimia 10, elfu sitini. Inabaki 540,000, PAYE yake, yaani kodi ya mshahara, ni 24,000. Bodi ya Mikopo, deni la chuo, asilimia 15, elfu tisini. Dogo alitakiwa aondoke na 426,000. Hiyo 150,000 inaenda wapi kila mwezi? Wewe ni mhasibu, usiniambie ni chapati za bosi.

Dogo wa Mahesabu:
Hujakosea mkuu. Nilikopa ofisini 900,000, wanakata 150,000 kwa mwezi. Imebaki 600,000. Sikuona kama inahusiana na swali.

Wakili wa Kibarazani:
Inahusiana sana. Ulisaini nini, na dhamana ilikuwa nini?

Dogo wa Mahesabu:
Nilisaini karatasi ya kukubali kukatwa.

Wakili wa Kibarazani:
Hiyo ni nusu ya jibu. Dhamana?

Dogo wa Mahesabu:
Haya, niseme yote. MD, yaani bosi wa kampuni, alichukua vyeti vyangu halisi: form four, form six, cha chuo na cha kuzaliwa. Viko kwenye sefu ofisini kwake, alisema nitavipata deni likiisha. Na Kakonko wanataka nifike na vyeti halisi.

Ila hilo nimeshalipatia dawa. Jumatatu nilienda polisi nikachukua loss report, taarifa ya upotevu, kwamba vimepotea kwenye daladala, ili niombe vingine. Kuna jamaa alifanya hivyo akapita bila shida. Kwa hiyo tusijikite huko, nisaidieni Kigoma au Dar.

Toroli la Tandale:
Vyeti vimepotea ndani ya sefu ambayo unaijua mpaka rangi 😂😂

Mama Wawili:
Yesu wangu. Mwanangu, vyeti si vitu vya kuchezea. Aprili 2017 pale Dodoma, Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya uhakiki, watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Mmoja alikuwa jirani yangu. Ijumaa alikuwa mtumishi mwenye heshima zake, Jumatatu anauza mkaa, na mwaka mmoja tu ulikuwa umebaki astaafu. Wewe unaanza kazi kwa uongo?

Dogo wa Mahesabu:
Mama, hao walikuwa na vyeti feki. Vyangu ni halali, nimevisotea. Nachukua nakala ya kitu changu mwenyewe, sijamwibia mtu.

Wakili wa Kibarazani:
Dogo, kusoma umesoma kweli, lakini kutoa taarifa ya uongo kwa mtumishi wa umma ni kosa la jinai kwenye Kanuni ya Adhabu. Deni ni madai tu. Umechukua jambo la madai ukaligeuza jinai kwa mikono yako.

Sasa sikiliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mwajiri kukata deni kwenye mshahara kama umekubali kwa maandishi. Karatasi hiyo anayo, inamtosha. Vyeti ni mali yako, usimwachie. Andika barua ya kuacha kazi. Unalipwa kwa mwezi, kwa hiyo notisi ni siku 28, na usipoitumikia ujiandae kukatwa. Barua hiyohiyo ipendekeze namna ya kumaliza hiyo 600,000 na iombe vyeti kwa tarehe maalumu. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Akikataa, CMA wapo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Pia mwandikie Mkurugenzi wa halmashauri mapema uombe kusogezewa siku za kuripoti. Ukikaa kimya nafasi anapewa mwingine.

Macho Manne:
Nimesoma tangu juu. Hii ni CHAI. Dogo anaishi kwa shangazi, halipi kodi, nauli siyo shida, hana mtoto. 900,000 ilikuwa ya nini? Tena MD gani anamkopesha mtu mgeni kazini mshahara na nusu? Kuna mtu anatunga hapa ili tumalize bando.

Toroli la Tandale:
Nilikuwa naogopa kusema. Weka picha ya barua, jina ufute.

Kijiwe Nongwa:
Hata kama ni chai ina sukari, endelea dogo.

Dogo wa Mahesabu:
Siweki barua yangu humu, mnataka nijulikane? Hela ilikuwa ya kodi ya miezi sita.

Macho Manne:
Kodi ya chumba cha shangazi?

Dogo wa Mahesabu:
Ya mchumba wangu. Amepanga Kinyerezi, 150,000 kwa mwezi. Yuko mwaka wa mwisho na kwao hali si nzuri. MD alikubali kwa sababu mimi ndiye najua mafaili yote, hakutaka niondoke.

Kikokotoo Butu:
150,000 mara sita ni 900,000. Hesabu imefunga. Macho Manne, omba radhi.

Macho Manne:
Siombi. Ila sasa nimeelewa kwa nini Kigoma ni mbali.

Mama Wawili:
Kumbe swali halikuwa kazi! Mwanangu, huyo binti kwenu anajulikana?

Dogo wa Mahesabu:
Mama tafadhali. Yeye mwenyewe anasema nisiende, tutafute maisha hapahapa.

Toroli la Tandale:
Kwa hela ya nani? 🏃🏾

Wakili wa Kibarazani:
Mambo ya Kinyerezi yatatatuliwa na wazee. Dogo, hiyo loss report umeshaipeleka popote?

Dogo wa Mahesabu:
Bado, ninayo kwenye begi.

Wakili wa Kibarazani:
Basi usiitumie. Rudi kituo kilekile, waambie vyeti vimeonekana na unataka taarifa ifungwe. Fanya hivyo kesho kabla ya kumkabili MD, maana akijua umesema vimepotea huku anavyo, atakuwa na silaha mkononi.

Dogo wa Mahesabu:
Sawa. Nikienda, mshahara wa kwanza unatoka mwezi huohuo?

Mgebuka wa Ujiji:
Usitegemee. Mpaka taarifa zako ziingizwe kwenye mfumo na upate cheki namba, yaani namba ya mtumishi ya kulipiwa mshahara, unaweza kusubiri. Posho ya kujikimu ipo kwa ajira mpya, lakini usiipangie matumizi kabla hujaishika. Beba hela ya kula na ya chumba, pamoja na sweta. Na kodi ya Kakonko utalipa ya mtu mmoja.