[Februari 2019] Gavana mpya wa Minnesota ni mwalimu: nimwache kijana shule ya umma au nimhamishe?

MamaBosi_BP
Hamjambo wanajamvi, hasa mlio huku Minnesota. Naomba ushauri, na tafadhali msiniambie "inategemea" halafu mkapotea.

Kijana wangu yuko darasa la tano hapa Brooklyn Park, Septemba anaingia la sita, shule ya kati. Shule aliyopangiwa nasikia madarasa yamejaa na walimu hawakai. Baba yake amepata shule ya kanisa. Karo inauma, ila tukijibana tutaiweza. Ijumaa ndiyo mwisho wa kulipa pesa ya kushikilia nafasi.

Sasa tangu Tim Walz aapishwe ugavana Januari hii ya 2019, kila nikienda kanisani naambiwa tulia, mwalimu ameshika jimbo, shule za umma zitanyooka. Wiki hii katoa bajeti na elimu ndiyo iko mbele. Kuna maana ya kumsubiri? Au ni yale yale ya nyumbani, kila mgombea ni rafiki wa walimu mpaka walimu wagome?

Baridi_Nimezoea
Lipa karo, dada. Mwanasiasa ni mwanasiasa hata akiwa na chaki mfukoni.

Mwl_Mstaafu
Mama Bosi, salamu. Nilifundisha Morogoro kabla ya kuja huku, sasa ni msaidizi wa darasa Minneapolis, kwa hiyo nitasema kidogo kirefu.

Kwanza huyo bwana si mwalimu wa mabango ya kampeni. Ni mtu wa Nebraska, kazaliwa 1964. Alipomaliza chuo 1989 alikwenda kufundisha China mwaka mmoja, akarudi Nebraska kwenye mji unaoitwa Alliance, na huko shuleni ndiko alikompata mkewe Gwen, naye mwalimu. Mwaka 1996 wakahamia Mankato, kwa kuwa mama ni mwenyeji wa Minnesota. Mankato West alifundisha jiografia na masomo ya jamii, na alikuwa kocha wa ulinzi wa timu ya futiboli ya Kimarekani iliyochukua ubingwa wa jimbo 1999. Siasa aliingia baadaye, uchaguzi wa 2006, akaenda Bunge la Washington miaka 12. Ila kule alijulikana zaidi kwa mambo ya maveterani na kilimo kuliko shule. Hilo wanaomsifu kanisani huwa wanaliruka. Naibu wake, Peggy Flanagan, ndiye aliyewahi kukaa kwenye bodi ya shule za Minneapolis.

Msimamo wake haufichiki: pesa ya umma iende shule ya umma, vocha za kulipia shule binafsi hazitaki. Kamishna wa Elimu kamteua Mary Cathryn Ricker, mwalimu wa Kiingereza wa shule ya kati.

Sasa bajeti. Kila mwanafunzi wa jimbo hili ana kiwango cha msingi ambacho serikali ya jimbo inapeleka kwenye wilaya yake ya shule. Mwaka huu wa shule, 2018-19, ni dola 6,312. Walz anaomba kiongezwe asilimia 3 mwaka wa kwanza na 2 mwaka wa pili. Piga hesabu: asilimia 3 ni kama dola 189 kwa mtoto. Darasa la watoto 30 linapata kama 5,700, mshahara wa mwalimu hautoki hapo. Shule nzima ya watoto 900 inapata kama 170,000, labda walimu wawili watatu. Na kabla pesa haijafika darasani, wilaya ina pengo la kuziba, maana gharama za watoto wenye mahitaji maalumu hazilipwi zote na serikali kuu wala jimbo. Si mchezo, nyongeza ni nyongeza, ila usitarajie shule ya kijana wako igeuke Septemba.

Halafu hiyo ni *anaomba*. Kwenye bunge la jimbo, Baraza la Wawakilishi ni la chama chake, Seneti ni ya wapinzani wake, Republican. Watavutana hadi Mei.

Baridi_Nimezoea
Umesahau kumwambia kwamba huyo Ricker alikuwa kiongozi wa chama cha walimu St. Paul. Mwalimu gavana, mwalimu kamishna. Mzazi atasikilizwa na nani?

Mwl_Mstaafu
Sikusahau, nilijua utaileta wewe. Ni kweli alikuwa, na ni hoja ya haki. Lakini mzazi wa Brooklyn Park hasikilizwi na kamishna hata awe nani. Anasikilizwa na bodi ya wilaya, inayochaguliwa kwa kura ambazo sisi wahamiaji hatujitokezi kupiga hata tukishapata uraia. Bodi ndiyo inayopanga ukubwa wa madarasa, ndiyo inayokwenda kwa wapiga kura kuomba kodi ya nyongeza. Mama Bosi, uko wilaya gani? Brooklyn Park imegawanyika: kuna Osseo, kuna Anoka-Hennepin, kuna Robbinsdale. Mtaa mmoja unaweza kuvuka barabara ukajikuta kwa wengine.

MamaBosi_BP
Osseo. Ahsante sana mwalimu, hiyo hesabu ya 189 nimemsomea mzee akacheka peke yake.

Dada_wa_Rochester
Ukitaka kuhamia wilaya nyingine bila kuhama nyumba, jimbo hili linaruhusu tangu miaka ya themanini, lakini fomu hurudishwa kabla ya Januari 15. Umechelewa, ingawa si lazima mlango uwe umefungwa. Piga simu wilaya unayoitaka uulize. Kuna pia shule za charta, yaani za pesa ya umma lakini zinazojiendesha nje ya wilaya, ambazo zilianzia Minnesota hii hii: sheria ya 1991, shule ya kwanza St. Paul 1992. Hazina karo, ila wakizidi nafasi wanapiga kura ya bahati nasibu. Kuna nzuri na kuna za hovyo, usidanganywe na jina.

Kalamu_Mbili
Mimi ni wa kodi tu. Mkilipa karo ya shule ya kanisa, tunzeni risiti. Minnesota inaruhusu kuondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi ya jimbo hadi dola 1,625 kwa mtoto wa chekechea hadi la sita, na 2,500 kuanzia la saba. Ule unafuu mwingine wa wenye kipato kidogo, unaorudisha pesa mkononi, haukubali karo. Unakubali vitabu na mwalimu wa ziada. Watu wengi wetu huchanganya hivi viwili.

Dada_wa_Rochester
Halafu swali ambalo hakuna aliyeuliza: kijana ana msaada wowote maalumu shuleni?

MamaBosi_BP
Ana IEP ya kusoma, ule mpango wa maandishi wa msaada wake maalumu, tangu darasa la tatu. Kuna mama mmoja anamtoa darasani asubuhi wanakaa wawili. Amempandisha sana, siwezi kusema uongo.

Dada_wa_Rochester
Aisee, hilo ungeanza nalo! Ukimpeleka shule binafsi ule mpango haumfuati kama ulivyo. Wilaya bado ina wajibu fulani kwake, lakini huenda ikabidi apelekwe kwa saa hizo shule ya umma, kisha arudishwe. Uliza shule ya kanisa kwa maandishi: nani atamfundisha kusoma, wapi, saa ngapi, na nani anamsafirisha. Wakikujibu "tutaangalia", pesa yako ibaki benki.

Baridi_Nimezoea
Hapo hata mimi nanyamaza. Usilipe kabla ya jibu.

MamaBosi_BP
Kesho naomba ruhusa kazini. Asubuhi shule ya kanisa na hayo maswali, mchana ile ya kati aliyopangiwa. Huko niulize nini? Nikiingia ofisi za shule huwa natabasamu tu na kutoka na vipeperushi.

Mwl_Mstaafu
Usimuulize mkuu wa shule kuhusu Walz. Omba kuonana na anayesimamia mipango ya IEP za darasa la sita. Muulize ana watoto wangapi mikononi mwake, na kama mkutano wa kumhamisha kijana kutoka shule ya msingi unaweza kufanyika kabla shule hazijafungwa Juni, yule mama wa asubuhi akiwepo. Kisha uliza walimu wa kusoma wa mwaka jana wangapi bado wapo. Andika majibu mbele yao, usingoje kufika kwenye gari.