Naomba ushauri: nimeongeza RAM, kompyuta imekuwa nzito kuliko mwanzo

Wakuu, habari zenu. Nina kompyuta ya mezani hapa steshenari, kazi yake ni kuchapa, kuprinti na kuwajazia watu maombi mtandaoni. Ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4, aina ya DDR3 ya megahezi 1600. Nikifungua kurasa nyingi ilikuwa inachoka, nikaongeza GB 8 iliyotumika, nayo DDR3 ila ya megahezi 1333.

Windows ni ya biti 64 na GB 12 zote zinasomeka. Shida, sasa kuwaka tu ni dakika kadhaa, mshale wa mausi unarukaruka, na nikichapa kwenye Word herufi zinatokea kwa kuchelewa. Nikichomoa RAM mpya, hali inarudi kama zamani. Nikiiweka hiyo ya GB 8 peke yake ni uzito uleule, hata nikibadilisha sloti.

Najua zikichanganywa zote hushuka kwenye spidi ya ile ya polepole zaidi, lakini kutoka 1600 hadi 1333 si tofauti ya kuifanya mashine itambae hivi. Nahisi ama RAM ni mbovu, ama BIOS (programu ya msingi ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) ni ya zamani na haielewani nayo. MemTest86, ile programu ya kupima RAM, naweza kuiacha usiku kucha. Kusasisha BIOS ndiko naogopa: umeme wa huku hukatika bila taarifa, sina UPS (betri ya akiba), na ukikatika katikati ubao mama unaweza kufa kabisa.

Aliyewahi kukutana na hili, nianzie wapi? Kuna kitu cha kurekebisha ndani ya BIOS kabla ya kuisasisha? Maombi ya vyuo yameanza na wateja wanasubiri.