Diploma ya unesi: SUZA Mbweni, chuo binafsi mjini au nimvushe Bara?

Kaka_Mtambwe
Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Nina mdogo wangu wa kike kamaliza fomu foo, matokeo yashatoka, na anataka unesi tu hataki kusikia kitu chengine. Baba kashastaafu kwa hiyo mzigo wote ni wangu. Tumebakiwa na njia tatu, SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) pale Mbweni, chuo kimoja cha binafsi mjini ambacho jamaa yangu kakisifia mno, au nimvushe Bara kwenye vyuo vya serikali maana nasikia ada yake nafuu. Ipi nafuu na ipi bora? Ahsanteni.

NesiMkongwe
Waalaykum salaam. Kapata alama gani? Unataka cheti au diploma? Yuko Pemba au Unguja? Bajeti yako kwa mwaka shilingi ngapi? Umeandika risala nzima yakhe na hata moja hukusema.

Yakhe_wa_Darajani
SUZA. Fungeni mjadala.

Pwani_Mchangani
Wewe kila ikiulizwa kozi ni SUZA, ungekuwa unalipwa ungeshajenga.

MamaUkunga
Mbweni ndiko kulikokuwa na chuo cha afya cha serikali kabla hakijaunganishwa na SUZA. Manesi kibao mnaowaona hospitali za Mnazi Mmoja na Abdalla Mzee wametokea pale. Mie sisemi binafsi ni vibaya, wapo wanaofundisha vizuri, lakini usiulize ada peke yake. Uliza wanafunzi wanakwenda mazoezi hospitali gani na wanakaa muda gani. Uliza na skills lebo, chumba cha kujifunzia kwa vitendo, ina nini, mana kuna mahali utaoneshwa kitanda kimoja na mdoli mmoja hana mkono. Na usajili wa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo hivi, uangalie wa kozi yenyewe ya uuguzi na ukunga, usitosheke na wa chuo, hivyo ni vitu viwili.

Kaka_Mtambwe
Ahsante mama yangu. Ni diploma. Yuko Wete. Kapata divisheni thrii, na masomo ya sayansi kafaulu. Bajeti ni ya kawaida tu.

NesiMkongwe
Kawaida ya nani? Ya mwalimu wa skuli au ya mwenye duka Darajani? Na "sayansi kafaulu" haisomeki. Weka somo na alama.

Binti_Konde
Mie nakwambia kuhusu hivyo vya binafsi, chuo sikitaji jina. Nilikwenda kwa sababu kila mtu alikuwa anakisifu na ofisini kwao kuna eyasii na dada mmoja anaongea vizuri, wakaniambia ada ni milioni moja na laki nne na unalipa kwa awamu, nikampigia baba akauza ng'ombe. Nimeingia tu ndo nikaanza kuyaona, sare mbili unanunua kwao na huruhusiwi kushona nje, kitabu cha kusainiwa mazoezi ya wodini kina bei yake, kitambulisho, pesa ya mtihani, pesa ya "maendeleo" ambayo mpaka leo sijui imeendeleza nini. Sawa, nikalipa. Muhula wa pili tunatakiwa twende wodini, tunaambiwa subirini barua, tunasubiri, wenzetu wa vyuo vyengine wameshaanza kuzalisha sie tumekaa darasani tunasomewa slaidi. Kumbe hospitali hawajakubaliana nao. Mwisho tukapelekwa kituo kidogo cha afya ambacho kwa siku akija mama mjamzito mmoja basi tunamgombania watu kumi, mwenyewe anaona haya maskini. Na kitabu cha mazoezi kinataka usainiwe idadi ya kuzalisha! Watu wakaanza kutafuta saini za uongo. Mie nilikataa, nikachelewa kumaliza, na kila nilipochelewa kuna pesa juu. Baba hadi leo akiona tangazo la chuo barazani analichana.

Yakhe_wa_Darajani
Nilisema SUZA mkanicheka.

Pwani_Mchangani
Pole dada lakini hicho ni kimoja. Mke wangu kasoma binafsi na sasa yuko kazini, na anachoma sindano humsikii.

Mvuvi_Msomi
Mbona hamzungumzii Bara? Vyuo vya serikali kule unaomba kwa mfumo wa pamoja wa NACTVET, ada ni nafuu kweli. Ila anaweza kuangukia Mtwara au Mbeya. Hesabu boti ya kutoka Pemba, boti nyengine ya Dar, basi, chakula, na likizo mtoto anataka kurudi nyumbani. Hiyo nafuu ya ada yote inaishia njiani.

Hamadi_Chake
Na jengine, afya si jambo la Muungano. Akimaliza Bara anakuwa chini ya baraza lao, akirudi huku lazima ajisajili na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Zanzibar. Inawezekana, wengi wamefanya, ila ni makaratasi na pesa.

Mpenda_Halwa
Si achukue mkopo tu?

Hamadi_Chake
Mkopo gani? Bodi ya Zanzibar ni ya elimu ya juu, mwenye diploma aulize kwanza kama inamhusu. Ile ya Bara, HESLB, imeanza kuwapa wa diploma mwaka 2023/24 lakini ni kozi za kipaumbele tu, asome orodha ya mwaka wake aone uuguzi umo au haumo. Asipange maisha juu ya mkopo.

Khalati_Fuoni
Mwanangu mtoto wa kike atakaa wapi? Hilo hamulisemi. Dakhalia au kwa jamaa? Mie nimeweka watoto wa ndugu zangu kutoka Pemba, mmoja alikuwa anasoma Mbweni, alfajiri anaondoka hajala, usiku anarudi kasinzia, na mwenyewe nyumba ina watoto saba. Ukimuweka kwa jamaa usidhani ni bure, atafua, atapika, atalea, halafu asubuhi ana mtihani wa anatomi.

Pwani_Mchangani
Khalati unamsema nani sasa? Kufua na kupika ndio malezi.

Khalati_Fuoni
Malezi na wewe ulipokuwa unasoma ulifua nini? Niache.

Mpenda_Halwa
Mie mwanamme ninasoma unesi na mtaani wananiita "bibi nesi". Nani anataka kunifunza kujibu?

MamaUkunga
Waambie siku wakipata ajali usiku watakutafuta hivyo hivyo. Wanaume wodini tunawahitaji sana, kunyanyua mgonjwa si mchezo.

Kaka_Mtambwe
Haya nimerudi, jana umeme ulikuwa unakatika. Alama zake ni hizi: Bayolojia C, Kemia D, Kiswahili C, Dini B, Kiarabu C, Kiingereza D, Hesabu F, Fizikia F.

NesiMkongwe
Sasa ndio tunazungumza! Fizikia F??? Ungeiweka mwanzo watu wasingechoka. Diploma ya uuguzi inataka angalau D nne bila ya dini, na ndani yake Bayolojia, Kemia na Fizikia. Dini B yake nzuri sana lakini haihesabiwi. Hesabu na Kiingereza ni nyongeza tu, Fizikia ndio kikwazo. Hicho chuo cha jamaa yako kama kimesema "tutamuingiza hivyo hivyo" kimbia.

Kaka_Mtambwe
Kweli wamesema hivyo. Wamesema watamsaidia.

Binti_Konde
Unaona sasa.

Hamadi_Chake
Kuna watu wanarudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akae Wete, atafute mwalimu wa Fizikia jioni, mwakani aombe. Ni nafuu kuliko njia zako zote tatu.

Kaka_Mtambwe
Mwaka mzima nyumbani? Mama atataka kumuozesha.

Khalati_Fuoni
Mwambie mama yako nimemwambia asubiri. Mbweni haikimbii.

Mvuvi_Msomi
Au aingie kozi nyengine ya afya isiyotaka Fizikia, kisha ataangalia. Nasikia zipo.

NesiMkongwe
"Nasikia zipo." Zitaje, na masharti ya NACTVET kwa kila moja, si nasikia.

Mpenda_Halwa
Jamani na mimi bado nasubiri jibu la hao wa mtaani. Halafu nani anauza viatu vyeupe vya wodini, namba 43, vya mkono wa pili pia sawa?