Mdahalo wa mishahara ya walimu wa shule za umma: nipange hoja vipi isivunjike?

Mleta_Hoja:
Habari za wakati huu wakuu. Baada ya wiki tatu kuna mdahalo wa hadhara, mada ni "Walimu wa shule za umma wanalipwa kwa haki". Mimi nipo upande unaopinga. Mezani nina viwango vya mishahara ya watumishi wa umma, fahirisi za bei za miaka kumi na ratiba za vipindi za shule mbili. Wapinzani najua watakuja na likizo ndefu, kazi ya nusu siku na pensheni. Nikisema tu kwamba mishahara ni midogo nitaulizwa "midogo kuliko nini?" na hapo nitakwama. Nilinganishe na nani, na nianze na hesabu ipi?

Mizani:
Hilo swali unaloliogopa ndilo mdahalo wenyewe, kwa hiyo lijibu wewe kabla hujaulizwa. Amua kwanza neno "haki" utalipima kwa kipimo gani.

Msingi mzuri upo: Pendekezo la ILO (Shirika la Kazi Duniani) na UNESCO (shirika la elimu la Umoja wa Mataifa) kuhusu Hadhi ya Walimu, lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966. Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo kwa sababu yake. Aya ya 115 inataka mshahara uoneshe uzito wa ualimu kwa jamii, usipitwe na wa kada nyingine zinazodai elimu ya kiwango kilekile, na umwezeshe mwalimu kuishi kwa staha na familia yake na kujiendeleza. Ni vipimo tofauti, na kila kimoja kina ushahidi wake. Uzito kwa jamii kila mtu atakubali lakini huwezi kuuwekea namba. Staha mtabishana mpaka jioni. Simama kwenye ulinganifu wa elimu, ndio unaohesabika.

Angalizo: lile ni pendekezo, si mkataba, haliifungi nchi kisheria. Ukisema "sheria ya kimataifa inaagiza" utakuwa umempa mpinzani goli la bure.

Fahirisi:
Nakuja kwenye hesabu. Kosa la kawaida ni kumlinganisha mwalimu na wastani wa wafanyakazi wote. Ndani ya wastani huo kuna wasio na cheti chochote, kwa hiyo mwalimu ataonekana yuko vizuri hata kama hayuko. Mlinganishe na mwenye elimu ya juu, wa umri uleule, anayefanya kazi siku nzima na mwaka mzima. OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, nao katika ripoti zao za elimu huweka mishahara ya walimu kando ya mapato ya wafanyakazi wenye elimu ya juu wa miaka 25 hadi 64.

Usichukue mshahara wa kuanzia peke yake. Chukua wa kuanzia, wa baada ya miaka 15 na wa mwisho wa ngazi. Nchi nyingine humwanzisha mwalimu vizuri halafu ngazi inalala; mwaka wa 15 wenzake aliomaliza nao chuo wameshamwacha mbali. Pengo la katikati ya utumishi mara nyingi ndilo kubwa, na wapinzani wengi hawajaliandaa.

Kisha ondoa mfumuko wa bei. Tuseme mwaka wa msingi mshahara ni 600 na fahirisi ya bei, yaani namba inayoonesha bei zimepanda kiasi gani, ni 100. Miaka sita baadaye mshahara ni 690, fahirisi 138. Kanuni: mshahara mpya gawanya kwa fahirisi mpya, zidisha kwa 100. 690 ÷ 138 × 100 = 500. Karatasi inasema ameongezwa 90, sokoni amepoteza 100. Hiyo hesabu moja iandike ubaoni, itafanya kazi kuliko dakika tano za maneno.

Halafu kaa mbali na "wastani wa mshahara wa walimu" kama hujui walioko ndani. Shule ina walimu 10, watano wanalipwa 900 na watano 500. Wastani ni 700. Wawili wa 900 wakistaafu na nafasi zao zikachukuliwa na waajiriwa wapya wa 500, wastani unashuka hadi 620, na hakuna aliyepunguziwa hata senti. Tumia ngazi ya mshahara, sio wastani.

Mleta_Hoja:
Nimekuelewa mkuu. Vipi kulinganisha na nchi nyingine? Nina jedwali nimegeuza zote kuwa dola.

Fahirisi:
Kama umegeuza kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha benki, litupe. Dola moja hainunui kiasi kilekile kila mahali. Ulinganisho wa mataifa hufanywa kwa uwezo wa ununuzi, yaani fedha hiyo inanunua vitu kiasi gani nchini humo. Na hata ukifanya hivyo, Luxembourg itakaa juu ya orodha, nayo ni nchi ambayo karibu kila kada inalipwa sana, kwa hiyo haithibitishi chochote kuhusu haki. Uwiano wa mwalimu na msomi mwenzake wa nchi ileile unasafiri vizuri zaidi kuliko kiasi cha fedha.

Kengele_ya_Pili:
Mimi nishughulike na "nusu siku", maana hapa watu hupigana kwa hisia wakati kalamu inatosha.

Chukua mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki vya dakika 40. Ni dakika 1,120, yaani saa 18 na dakika 40. Mpinzani atasimama hapo aseme "mnaona?" Wewe endelea. Ana mikondo minne ya wanafunzi 50, anatoa zoezi moja la kuandika kwa wiki, kila daftari anatumia dakika 3. 50 × 4 × 3 = dakika 600. Saa 10 za kusahihisha tu, tena dakika 3 ni kwa zoezi fupi. Insha hazisahihishwi kwa dakika 3. Maandalizi usiyahesabu kwa vipindi vyote 28, utanaswa: mikondo minne ya kidato kimoja inatumia andalio lilelile. Vipindi 7 tofauti kwa dakika 30 ni saa 3 na nusu. Jumla sasa ni saa 32 na dakika 10, na bado hujagusa wiki ya zamu, vikao, ualimu wa darasa, kujaza alama, wazazi wanaokuja na michezo ya jioni.

Angalia ni nini kinachovimbisha hesabu: idadi ya wanafunzi, sio vipindi. Mwalimu yuleyule akiwa na wanafunzi 25 kwa mkondo, kusahihisha kunashuka hadi saa 5. Kwa hiyo madarasa yanapojazwa bila kugusa mshahara, malipo ya kila saa yanashuka kimyakimya. Hiyo ni hoja nzito ya haki na sijui kwa nini husahaulika.

Ushahidi wa nje: katika utafiti wa OECD kwa walimu, TALIS wa 2018, walimu wa sekondari ya chini wa Japani walisema wanafanya kazi saa 56 kwa wiki, na kufundisha darasani ni saa 18 tu kati ya hizo. Anayehesabu vipindi peke yake anaona chini ya theluthi moja ya kazi.

Likizo usiikane, ipo. Iweke kwenye mwaka. Mfano: wiki 39 za shule kwa saa 46 ni saa 1,794. Mtumishi wa ofisini, wiki 47 kwa saa 40, ni 1,880. Tofauti ni saa 86, haifiki asilimia 5. Weka namba za kalenda yako mwenyewe, na ukikuta tofauti ni asilimia 12 iseme hivyohivyo, kisha onesha kama pengo la mshahara linazidi hapo. Zaidi ya yote, kuwa na msimamo mmoja: mshahara wa mwaka unaulinganisha na saa za mwaka, wa wiki na saa za wiki. Ukichanganya, hesabu yote imekwisha.

Upande_wa_Pili:
Nitakupa hoja zenye nguvu za upande wa pili, ni bora uumie hapa kuliko jukwaani.

Pensheni ni mshahara uliocheleweshwa. Tuseme kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kinatoa 1/60 ya mshahara wa mwisho kwa kila mwaka wa kazi. Miaka 30 inampa nusu ya mshahara wa mwisho mpaka afe. Mfanyakazi wa kampuni akitaka kitu hicho lazima aweke akiba yake. Ongeza ajira ya kudumu: uchumi ukianguka, mwalimu hafukuzwi kirahisi. Marekani mzozo huu ulishawahi kuchapishwa wazi. Wachumi Lawrence Mishel na Sylvia Allegretto wanaonesha mwalimu yuko nyuma ya wasomi wenzake kwa mshahara wa wiki. Mwaka 2011 watafiti wengine, Jason Richwine na Andrew Biggs, wakajibu kwamba ukiingiza mafao na usalama wa kazi, mwalimu analipwa hata zaidi. Takwimu za nchi moja, majibu mawili, kwa sababu wamehesabu vitu tofauti.

La pili ni gumu zaidi. Indonesia ilipitisha sheria mwaka 2005 ya kumlipa mwalimu aliyethibitishwa posho inayolingana na mshahara wake wa msingi, yaani mara mbili. Watafiti wakafuatilia kwa majaribio shuleni, matokeo yakachapishwa 2018: baada ya miaka miwili na mitatu, ufaulu wa wanafunzi haukubadilika. Utajibu nini?

Mizani:
Kwa pensheni kuna majibu mawili, na yote yanategemea nani umemweka upande wa pili wa mizani. Ukimlinganisha mwalimu na mtumishi mwingine wa umma mwenye shahada kama yake, pensheni na usalama wa kazi wanavyo wote, vinafutana. Ndiyo maana ulinganisho huo ni ngome yako. Ukimlinganisha na sekta binafsi, ingiza mchango wa mwajiri kwenye mfuko kama sehemu ya malipo, pande zote mbili. Pia kumbuka kuwa mifuko mingi ina idadi ya chini ya miaka ya kuchangia. Anayeacha kazi kabla haijatimia huondoka na michango yake tu, au pungufu ya hapo. Kwa huyo, pensheni ilikuwa ahadi ambayo hakuifikia.

Kwa Indonesia, kubali matokeo. Usiyapinge, ni utafiti mzuri. Lakini soma ulipima nini: walimu waliokuwa tayari kazini, je, watafundisha vizuri zaidi wakiongezwa fedha bila masharti? Haukupima nani atachagua ualimu miaka kumi baadaye. Na utafiti huohuo ulikuta walimu wanaoshikilia kazi ya pili wamepungua, msongo wa fedha umepungua, na kuridhika na kipato kumepanda. Somo kwako: usiahidi kwamba mshahara utapandisha ufaulu. Mada yako ni haki. Hakuna anayemwambia daktari athibitishe vifo vimepungua ndipo alipwe sawa na wenzake.

Ukilazimishwa kuonesha kwamba fedha hubadilisha kitu, tumia Gambia. Posho ya mazingira magumu ya asilimia 30 hadi 40 ya mshahara kwa shule za mbali iliongeza sehemu ya walimu wenye sifa katika shule hizo. Malipo yalihamisha watu. Ishia hapo.

Daftari_la_Mishahara:
Mmesahau tofauti kati ya mshahara ulioandikwa na unaofika. Ngazi ya mshahara inadhani mwalimu anapanda daraja kwa wakati. Chukua daraja linaloongeza 40 kwa mwezi, likicheleweshwa miaka 3: 40 × 36 = 1,440. Hata malimbikizo yakilipwa yote baadaye, kama bei zimepanda asilimia 20, fedha hiyo inanunua vitu vya 1,200. Na kama kikokotoo kinatumia mshahara wa miaka ya mwisho, daraja lililochelewa karibu na kustaafu linapunguza pensheni ya kila mwezi, maisha yote.

Angalia pia nyongeza zinazotolewa kama posho badala ya mshahara wa msingi. Mkononi zinaonekana sawa. Kwenye mafao, mara nyingi posho haihesabiwi kabisa. Omba hati za mshahara, futa majina, onesha mstari wa msingi na mstari wa posho.

Urefu wa ngazi nao ni ushahidi. Pendekezo la 1966, aya ya 122, linasema kutoka chini hadi juu ya ngazi ya mshahara isizidi miaka 10 hadi 15. Scotland mwalimu wa kawaida hufika juu baada ya miaka 5. Korea Kusini huchukua 37. Hesabu ngazi yako ina miaka mingapi.

Mleta_Hoja:
Nashukuru sana. Nimeandika sentensi ya kufungulia: "Walimu wote wa shule za umma hawalipwi kwa haki, kwa sababu mwalimu mwenye shahada anapata pungufu ya mtumishi mwingine wa serikali mwenye shahada, ingawa saa zao za mwaka zinakaribiana."

Fahirisi:
Futa "wote". Mpinzani akileta mkuu wa shule mmoja aliye juu ya ngazi, sentensi imekufa. Baada ya "mwenye shahada" ongeza "aliye mwaka wa 15 kazini", maana hapo ndipo pengo lako lilipo, na badala ya "pungufu" weka asilimia yenyewe.

Kengele_ya_Pili:
Na "zinakaribiana" iwe tofauti ya saa uliyoipata, iwe ndogo au kubwa. Hesabu zote ziwe kwenye ukurasa mmoja uliochapwa, nakala mbili: moja yako, nyingine mpe mwenyekiti kabla hujaanza kuzungumza.