Coaster niliyoigeuza nyumba ya safari inaua betri. Tatizo liko wapi?

Nai_UsaRiver
Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za jioni.

Nina Coaster ya mwaka 1998 yenye injini ya 1HZ, zamani ilikuwa ikibeba abiria Arusha–Babati. Niling'oa viti vyote vya nyuma nikaweka vitanda viwili, jiko la gesi, tangi la maji la lita 80 na friji ya kompresa ya lita 45. Naikodisha pamoja na dereva kwa wageni wanaotaka kulala porini bila kufunga hema. Hela yangu yote ya miaka sita iko humo.

Umeme alifunga fundi wa mtaani. Gari lina betri mbili. Alisema vitu vya nyuma ni vya volti 12, kwa hiyo akachomoa waya kwenye betri moja akaupeleka nyuma. Waya huo unalisha friji, taa tano za LED, pampu ya maji, chaji za simu, na inveta ya wati 1000 nayo imeungwa hapohapo.

Betri za kwanza zilidumu miezi saba. Moja ilionekana imekufa kabisa, tukanunua moja mpya. Baada ya miezi mitatu ikafa ya pili. Mwezi uliopita tukiwa Seronera, ndani ya Serengeti, friji ilizima usiku wa pili, na asubuhi gari halikuwaka. Majirani kambini walikuwa na Land Cruiser tatu, zote za volti 12, hakuna iliyoweza kutuboosti. Tulikaa mpaka saa 4 likapita lori la kubeba kifusi ndipo tukawaka. Mgeni mmoja alikuwa na insulini kwenye friji ile. Tuliwahi barafu lodge ya jirani, lakini sijasahau sura ya mke wake.

Naomba kuelekezwa: ni oltaneta, ni betri feki, au ninunue kubwa zaidi?

Kibo78
Pole dada. Weka N120 mbili, zile betri kubwa za lori, mambo yataisha. Betri ndogo haziwezi friji.

Fundi_Gerezani
Dada Nai, usinunue chochote kwanza. Kibo, samahani ndugu yangu, ukimwekea N120 atakuja kulia hapa mwakani, tena kwa hela nyingi zaidi.

Naomba namba. Gari likiwa limelala usiku na friji imewaka, asubuhi kabla ya kuwasha, pima kila betri peke yake kwa multimita. Kisha washa, ongeza mafuta kidogo, pima zote mbili kwa pamoja, halafu tena moja moja. Angalia na maji ya betri. Na uniambie waya uliokwenda nyuma ni wa unene gani, una urefu gani, na fyuzi iko wapi.

Nai_UsaRiver
Nimepima leo asubuhi na dereva. Betri ya kwanza, ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi na ndiyo waya wa nyuma umetokea hapo: 11.9. Ya pili: 12.8. Gari likiwa linaunguruma, zote pamoja 28.4. Ya kwanza peke yake 13.4, ya pili 15.0. Hii ya pili maji yamepungua hadi sahani zinaonekana, na ukiinama unasikia harufu ya yai bovu.

Waya ni wa 1.5 mm, ule wa nyumba. Mita 7 hivi kwenda nyuma, na mwingine kama huo kurudi. Fyuzi sijaiona.

Fundi_Gerezani
Basi umeshajijibu mwenyewe kwa hizo namba. Oltaneta yako ni nzima, 28.4 ndiyo inavyotakiwa. Betri pia huenda hazikuwa feki.

Coaster ni gari la volti 24. Betri zake mbili zimefungwa kwa kufuatana, chanya ya moja imeshika hasi ya nyingine, na umeme wa kuchaji unapita ndani ya zote mbili kama maji kwenye bomba moja. Kinachopita kwenye hii ndicho kinachopita kwenye ile. Oltaneta haijui kwamba kuna betri mbili, inachoona ni jumla tu, 28.4.

Sasa friji inakunywa usiku kucha kwenye betri moja. Asubuhi moja ina njaa, nyingine imeshiba, na zote zinalishwa sawasawa. Yenye njaa inabaki chini kwenye 13.4, haijai hata siku moja, sahani zake zinaganda salfeti. Iliyoshiba inabebeshwa volti zote zilizobaki, ndiyo hiyo 15.0, inachemka, maji yanakauka, harufu inatoka. Moja inakufa kwa njaa na nyingine kwa kuvimbiwa. Mlipobadilisha moja tu mkaongeza tatizo, kwa sababu mpya na kuukuu hazipokei chaji sawa. Kwenye gari la 24 betri hubadilishwa mbili kwa pamoja, aina moja, siku moja.

Kosa hili nimelikuta kwenye Fuso, kwenye mabasi, kila mahali. Watu wanachukua 12 ya redio kwenye betri moja, na kwa kuwa redio inakula kidogo, madhara hayaonekani haraka. Friji haisamehe.

Lakini kinachoninyima usingizi ni huo waya usio na fyuzi. Betri ya gari ikipiga shoti inatoa mamia ya ampea papo hapo. Waya wa 1.5 unakuwa mwekundu ndani ya sekunde chache, na umepita chini ya godoro la mgeni. Leo hii, kabla hujalala, uchomoe kwenye betri.

Nai_UsaRiver
Nimeuchomoa. Dereva amenitumia picha, sehemu moja karibu na tairi la nyuma ganda limeshachubuka mpaka shaba inaonekana. Mungu amenisaidia. Asante sana kaka.

Mstaafu_Mbeya
Binti yangu, nimeendesha mabasi miaka 22. Sisi tulikuwa tunafunga konveta ya 24 kwenda 12, inachukua kwenye betri zote mbili na kutoa 12 safi kwa redio na televisheni. Hakuna betri iliyokufa. Kwa nini usifunge hiyo ukamaliza?

Fundi_Gerezani
Shikamoo mzee. Konveta ni sahihi kwa basi, kwa sababu televisheni inawaka gari likiwa linatembea. Itaondoa ule upungufu wa betri moja, hilo ni kweli. Lakini gari la Nai linalala porini na friji imewaka. Konveta itazinyonya betri zote mbili kwa usawa, na asubuhi zote mbili zitakuwa tupu kwa usawa. Staata haitazunguka.

Betri za kuwashia zibaki za kuwashia. Nyumba iwe na betri yake.

Sola_Dodoma
Naongezea hapo. Dada, tupige hesabu ya nyumba yako, maana ukijua unakula kiasi gani, ununuzi unakuwa mwepesi.

Friji yako ikizunguka inavuta kama wati 45. Kwenye joto la Seronera au Natron kadiria inazunguka nusu ya siku, saa 12. Hizo ni wati-saa 540. Taa tano za wati 3 kwa saa 4 ni 60. Simu, kamera na laptopu moja, weka 150. Pampu inafanya kazi dakika chache, weka 10. Jumla 760 kwa siku. Gawa kwa 12, unapata ampea-saa 63. Umeona friji peke yake imekula zaidi ya theluthi mbili? Ndiyo maana ukipewa ushauri wa kuzima taa ili kuokoa betri, usipoteze muda. Fungua friji mara chache, usiweke soda za moto humo jioni, na upande wake wenye feni upate hewa.

Betri ya asidi ya kawaida usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu. Kwa hiyo ya ampea-saa 200 inakupa 100, siku moja na nusu. Lithiamu (LiFePO4) ya 100 inakupa 80 bila kuumia, na uzito wake ni kilo 12 hivi, ya asidi ya 200 ni zaidi ya 50.

Paneli ya wati 300 juu ya paa, kwa jua kali la jumla ya saa 5 kwa siku na kutoa upotevu, inarudisha karibu wati-saa 1,000 kwa siku. Inatosha na kubaki. Ila Juni na Julai Arusha mawingu hukaa siku nzima, usiitegemee sola peke yake.

Fundi_Gerezani
Hapo ndipo inapoingia chaja ya DC kwenda DC, ya 24 kuingia na 12 kutoka. Hii si konveta ya redio. Inajua kuchaji betri kwa hatua, na inafanya kazi injini ikiwaka tu, ukizima inakata. Ya ampea 20 kwa safari ya Arusha hadi Seronera, ambayo ni karibu siku nzima, inaweza kuijaza betri uliyoikuta nusu.

Waya: tupa ule wa nyumba, hata ungekuwa na fyuzi. Nyuzi zake ni nene na ngumu, barabara za rafu zinazikata ndani kwa ndani. Tumia waya laini wa gari. Halafu unene. Kwa mita 7 kwenda na 7 kurudi, 1.5 ikibeba ampea 5 inapoteza karibu volti 0.8 njiani. Betri ina 12.2, friji inaona 11.4 na inaanza kujizima kujilinda. Ukiweka 6 mm unapoteza 0.2 tu. Naamini usiku ule Seronera friji ilizima mapema kwa sababu ya waya, betri ilikuwa bado na kitu.

Fyuzi ikae karibu na chanya ya betri kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 20. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo ukubwa wake unatokana na waya.

Natron_Kwa_Miguu
Mimi sikubaliani na lithiamu kwa kila mtu. Ikifa BMS, ile saketi ya ndani inayoilinda betri, ukiwa Loliondo hakuna wa kukusaidia. Betri ya asidi unaipata hata Mto wa Mbu.

Sola_Dodoma
Hoja yako ina uzito. Ila yeye ana wageni wenye dawa, na vitanda viko juu ya betri. Asidi inatoa haidrojeni wakati wa kuchaji, inahitaji boksi lililofungwa na bomba la kutolea hewa nje. Akiweza kuifanya hivyo vizuri, sawa.

Nai_UsaRiver
Swali moja zaidi. Wageni wanaomba kuchemsha maji kwa birika la umeme. Inveta ninayo.

Fundi_Gerezani
Usiruhusu. Birika la wati 2000 kwenye volti 12 linataka ampea zaidi ya 165, na inveta yako ni ya 1000. Gesi unayo, chemsha kwa gesi. Na kama gari lilikuja na vifaa vya Japani, soma nyuma yake kabla ya kuchomeka, kwao ni volti 100 na sisi ni 230.

Nai_UsaRiver
Wiki tano baadaye, narudi kama nilivyoahidi kwa mzee wa Mbeya kwenye ujumbe.

Nimeweka betri mbili mpya za kuwashia, pacha, hakuna kitu kingine kilichoshika hapo zaidi ya chaja ya DC. Nyuma lithiamu ya 100, paneli mbili za 150, waya wa 6 mm ndani ya bomba, fyuzi sita zenye lebo. Fundi wangu ni yuleyule, nilimsomea uzi huu wote na alikaa akasikiliza, kisha akafanya kazi kwa siku mbili bila kuharakisha.

Tumelala Seronera usiku tatu. Asubuhi ya tatu betri ya nyumba ilikuwa 13.1, friji nyuzi 4. Gari limewaka kwa staata ya kwanza.

Fundi_Gerezani
Hongera sana dada. Zile za mbele pima kila moja gari likiunguruma, leo na baada ya mwezi. Zikiachana zaidi ya volti 0.3 uniite hapa.

Nai_UsaRiver
Nimepima sasa hivi. 14.2 na 14.1.