Nikipigiwa simu 4G inapotea, tatizo simu au laini?

mwana_newala: Wakuu za saizi. Niko Newala, mnara nauona kwa macho, lakini nikiwa nafuatilia bei za mnada wa korosho kwenye grupu la wasapu mtu akipiga tu 4G inageuka E na bando linaganda, nikikata inarudi. Fundi wa sokoni anataka elfu 15 "aiflashi", nimemwambia asubiri.

fundi_minara: Usimpe hata mia mkuu, simu nzima hiyo. Iko hivi, 4G ilitengenezwa kwa ajili ya data, kila kitu kinakatwa vipandevipande vinapita humo pamoja na vya wenzako. Sauti ya 2G na 3G ni mambo ya zamani, ukipiga unatengewa njia yako mwenyewe mpaka ukate, hata mkikaa kimya. Sasa simu isipokuwa na VoLTE, yani sauti kupita humohumo kwenye 4G, mtandao unaishusha kwanza ndo uongee. Ingeshukia 3G yani H, data ingeendelea, ila E ni 2G na huko data inasubiri umalize. Ingia mipangilio, upande wa laini, tafuta VoLTE uwashe.

kilambo_kivukoni: Afadhali nyie, huku kwetu ukisogea mtoni tu meseji inaingia umekaribishwa Msumbiji, na salio linakwenda 😂

babu_mikindani: Hiyo ya kutengewa njia imenikumbusha mbali wajukuu. Zamani kupiga Dar unakwenda posta, unampa opereta namba, unakaa kwenye benchi na barua yako ya msiba mfukoni, yeye anachomeka waya kwa mkono ndo anakuita ingia kibandani. Siku nyingine laini zimejaa, rudi kesho. Na mkiongea mnajua kabisa opereta akitaka anasikia.

fundi_minara: Shikamoo babu. Basi hilohilo la opereta ndo lilileta mashine. Bell alipata hataza ya simu 1876, halafu 1891 Mmarekani mmoja Almon Strowger akapata ya kuunganisha simu bila opereta, na jamaa alikuwa mzikaji! Inasimuliwa alihisi opereta anawapeleka wateja wake kwa mzikaji mwenzake.

babu_mikindani: Marahaba. Hapo namwelewa, hata msiba una ushindani.

mwana_newala: VoLTE ilikuwa imezimwa, nimewasha, nimejipigia kwa simu ya shemeji 4G imetulia na wasapu inapakia. Fundi wa sokoni kaninunia.