Tupeane uzoefu: uliwahi kumzuia binti asichukuliwe "kazi za ndani"? Ilikuwaje?

Mchuuzi wa Kange
Habari za jioni wakuu. Nina genge stendi ya mabasi ya Kange, hapa Tanga. Juzi kati niliona mabinti watatu wamekaa juu ya mabegi yao, kimya kama wapo msibani, na mama mmoja pembeni anaongea na simu. Nikamsemesha yule mdogo Kisambaa (bibi yangu ni wa Mlalo). Wanatoka Lushoto, wanakwenda Mombasa, kazi ya duka. Duka la nani? Hajui. Simu yako iko wapi? Anti kaniwekea.

Anti! Nikampigia mwenyekiti wa mtaa, akaja na askari wa dawati la jinsia. Kosta ya Horohoro, mpakani na Kenya, ikaondoka bila wao. Na huyo anti, jamani, ni shangazi wa damu wa mmoja wao. Nyie yalipowakuta mlifanyaje?

Mama Ngamiani
Mimi niseme ukweli, nilikuwa upande wa wanunuzi. Mwaka 2016 nilimwomba mtu aniletee msichana wa kazi. Akaniletea mtoto wa miaka 13, nikatoa elfu sitini ya "nauli na usumbufu". Wiki ya pili namkuta kainamia daftari la mwanangu, maharage yanaungua. Kumbe aliambiwa anakuja mjini kusoma. Nilimrudisha kwao mwenyewe, na sikupokewa vizuri: baba yake alishakula hela.

Balozi wa Mlimani
Shikamoo Mama Ngamiani. Kitongojini kwetu huku Bumbuli tuna daftari. Anayemchukua kijana anaandika jina, simu na anakompeleka, kisha anapigwa picha mbele ya mzazi. Mwenye nia safi anaandika. Wengine husema "nitarudi kesho", ndiyo imetoka hiyo. Shida wameshatushtukia, sasa wanawapitisha watoto alfajiri kwa bodaboda. Ikabidi tukae na hao vijana wa bodaboda. Wawili wameshageuza abiria njiani wakamleta kwangu.

Mzazi akikwambia "nimeridhia", mjibu kwamba Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 haiitambui ridhaa ya mzazi ikiwa mtoto yuko chini ya miaka 18. Simu ya mtoto ni 116, haina malipo.

Kijana wa Mkinga
Huku kwetu tunakutana na Wahabeshi (wahamiaji kutoka Ethiopia) porini, wameachwa na dereva, midomo imepasuka kwa kiu. Wazee huanza na uji, polisi baadaye.

Dada wa Pangani
Msizibe riziki za watu. Mimi niliondoka Pangani na miaka 19, nikafanya kazi za ndani Muscat, leo nina nyumba ya vyumba vitatu.

Mchuuzi wa Kange
Hongera dada, wala sikubishii. Ila ulipofika, pasipoti na simu ulikaa navyo mwenyewe?

Dada wa Pangani
Simu nilipewa mwezi wa tano. Pasipoti niliiona siku ya kurudi.